Heroes of Might and Magic III Complete: miji na mazimwi sawa, ila nimekaa hapa kwa ajili ya wale watu

Watu wakianza kuongelea Heroes of Might and Magic III utasikia mji gani mkali, uchawi gani unakera, na kama Necropolis, mji wa wafu, imependelewa au la (imependelewa bana, tusidanganyane). Stori hakuna anayeigusa. Ukiuliza Sandro ni nani unaambiwa si yule wa mifupa, imeisha hiyo. Mi naona hapo watu wanajinyima nusu ya utamu, maana hii gemu ina ukoo mzima wa watu wanaorudi toka gemu moja hadi nyingine, wengine wapo toka miaka ya themanini, na ukishawajua hata ile kuajiri shujaa kwenye baa ya mji inakuwa na ladha nyingine kabisa.

Kwa hiyo hii riviu ni ya toleo la Complete, lile lenye Restoration of Erathia ya 1999 pamoja na nyongeza zake mbili, Armageddon's Blade ya mwaka huohuo na The Shadow of Death ya 2000, ila naipima kwa kitu kimoja tu, wahusika. Nani anarudi, anarudi akiwa nani, na gemu inamkumbuka kweli au imeazima jina na sura.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa, mambo yako hivi: una mji, kwa siku unajenga jengo moja, kila wiki viumbe wapya wanapatikana unawanunua, unamkabidhi shujaa uliyemwajiri kwa dhahabu 2500 anaenda kuzunguka ramani akiokota vitu na kupiga watu. Kwenye vita shujaa mwenyewe hashiki panga, anakaa pembeni anarusha uchawi huku jeshi likifa kwa niaba yake. Kila shujaa ana sura, ana utaalamu wake mmoja, na ukibonyeza picha yake unapata wasifu wa sentensi mbili tatu. Sentensi mbili tatu! Ila waandishi wa New World Computing, studio iliyoitengeneza, walijua kuzitumia, we ngoja.

Chukua Lord Haart. Kwenye kampeni kuu mfalme Nicolas Gryphonheart wa Erathia amekufa, binti yake Catherine anarudi kwa meli kutoka ng'ambo kuja kuzika na anakuta nchi inaliwa kila upande, na baadae ndo inajulikana kwamba mzee alipewa sumu na mtu wa ndani kabisa, Lord Haart, mheshimiwa aliyekuwa kwa siri kwenye kundi la waabudu wafu. Sasa toka nje ya kampeni, fungua ramani ya kawaida tu, chagua mji wa Castle, ingia baa. Unaweza ukamkuta Lord Haart kakaa pale anasubiri ajira. Na utaalamu wake ni Estates, yaani kila siku anakuingizia dhahabu. Muuaji wa mfalme ndo mhasibu wako na unamshukuru, maana wiki ya kwanza hela huwa hamna.

Hiyo ndo raha yenyewe. Utaalamu wa mtu unaendana na maisha yake. Solmyr ni jini aliyekaa amefungiwa kwenye chupa miaka elfu moja na akaapa kumtumikia aliyemtoa, na anaanza gemu akiwa na Chain Lightning kitabuni toka siku ya kwanza, so ukikutana nae mapema unajua kabisa leo kuna watu watapigwa radi. Gelu ni nusu binadamu nusu elf, kiongozi wa Forest Guard, na anaweza kuchukua wapiga mishale wa kawaida akawageuza Sharpshooters ambao hakuna mji unaowauza. Gem anatibu majeruhi. Mutare kwenye Armageddon's Blade ana kampeni yake ya kutafuta damu ya zimwi, anainywa, na picha yake inabadilika, anakuwa zimwi kweli na jina linakuwa Mutare Drake. Hujaambiwa na msimulizi kwamba amebadilika, umeona sura imebadilika hapo kwenye kona unapomwangalia kila siku.

Sasa tuje kwa jamaa ninayempenda kuliko wote, Crag Hack. Huyu alikuwepo kwenye Might and Magic (mfululizo mama, gemu za kutembea na kundi lako) ya kwanza kabisa, 1986, ile aliyoitengeneza Jon Van Caneghem, akiwa mmoja wa watu sita walioandaliwa tayari kama hutaki kutengeneza wako. Hakuwa na stori, alikuwa jina na takwimu zake. Mwaka 1995 ikaja Heroes ya kwanza na Crag Hack yupo, safari hii mshenzi wa nyikani wa kuajiriwa. Kwenye Heroes II ya 1996 yupo. Kwenye Might and Magic VII ya 1999 yupo pia, tena amekaa na wenzake wa zamani kama mshauri mstaarabu. Ukijaribu kupanga hayo yote yawe maisha ya mtu mmoja kichwa kitauma, mi nimeshaacha. Ila kwenye The Shadow of Death wakaamua kumpa kampeni yake mwenyewe, Hack and Slash, na hapo ndo anakuwa mtu: mpiganaji wa kukodiwa, anaongea kama mtu aliyechoka kufikiri, hana habari na siasa za nani mwema nani mbaya, mradi malipo yapo. Utaalamu wake Offense, yaani kupiga, kitu kingine hakuna. Na mtu wa namna hiyo ukitaka kumtumia vibaya unamtumiaje? Unampa kazi na unamwahidi hela.

Anayempa kazi ni Sandro.

Sandro naye si wa leo. Kwenye Heroes II alikuwa mmoja wa wachawi wa wafu wa kuajiriwa, fuvu tu kati ya mafuvu. Kwenye III unaambiwa ni mwanafunzi wa Ethric, mchawi mkubwa wa wafu ambaye kaburi lake unaweza ukaliingia kwenye Might and Magic VI ya 1998. Mstari mmoja tu wa wasifu, lakini unaziunganisha gemu mbili za aina tofauti kabisa. Halafu The Shadow of Death ikamchukua huyo fuvu ikamjengea gemu nzima juu yake, na mi nasema wazi hiyo ndo stori bora kwenye mfululizo wote, kabla yake na baada yake.

Iko hivi. Matukio yake yanatangulia kampeni kuu ya Catherine. Unaanza na Gem, dada aliyekuwa mchawi kule Enroth kwenye Heroes II, vita imemchosha, kavuka bahari kuja nchi ya AvLee kuanza maisha mapya (kampeni inaitwa New Beginning, halafu maskini wanampa vita nyingine). Anapambana na wafu, na anatokea mtu mstaarabu anayejitolea kumsaidia, anamwambia kuna vitu vitatu vya hatari lazima vikusanywe visije vikaangukia mikononi mwa wabaya: koti la vampaya, viatu vya maiti, kidani cha mzika wafu. Unamtumikisha Gem kwenye misitu na vinamasi ramani baada ya ramani unavitafuta. Huku upande wa pili Crag Hack anatafuta vinne vingine kwa malipo: kofia ya fuvu, upanga, kifua cha mbavu, ngao. Na wewe mchezaji ndo uliyefanya kazi yote hiyo. Uliyepoteza majeshi kwa ajili ya vile viatu ni wewe.

Vile vitatu vya Gem ukiviunganisha vinakuwa Cloak of the Undead King, na kazi yake ni kwamba baada ya vita, badala ya mchawi wa wafu kufufua mifupa ya kawaida, anafufua viumbe wakubwa zaidi, akiwa ameiva kabisa kwenye Necromancy (ufundi wa kufufua wafu) wanaamka Lich, yaani wachawi mafuvu. Vile vinne vya Crag Hack vinakuwa Armor of the Damned, ambayo vita ikianza tu jeshi la adui linapigwa Slow, Curse, Weakness na Misfortune (kupunguzwa kasi, laana, udhaifu na mkosi) kwa pamoja kabla mtu hajasogea hatua. Ukishacheza ukajua hivyo vitu vinafanya nini, hauhitaji mtu akuelezee kwamba Sandro ni hatari. Unajua. Umemvalisha mwenyewe.

Hapo ndo naona tofauti ya waandishi wanaoijua gemu yao na waandishi wanaobandika stori juu ya gemu. Usaliti wa Sandro ungeweza kuwa kipande cha video cha dakika moja ukakisahau. Wao wakaufanya uwe kazi uliyoifanya kwa mikono yako, uone aibu kidogo. Baada ya hapo Gem, Crag Hack, Gelu na Yog (huyu mama yake jini, alipelekwa kusomea uchawi nchi ya Bracada akaona bora shoka) wanaungana kwenye Unholy Alliance kumfuata, na unawachezesha wote wanne, kila mmoja na vyeo alivyotoka navyo kwenye kampeni yake. Watu wanne ambao kwa kawaida hata ungewaweka meza moja wangegombana, na kinachowaunganisha ni kwamba wote wamechezewa au wameguswa na mtu mmoja.

Sema sio kila kitu ni asali. Kampeni za Restoration of Erathia zenyewe, zile za mwanzo, zina tatizo la kinyume: stori ni kali ila watu hawaonekani. Malkia Catherine muda mwingi unamsikia kwenye maelezo ya kabla ya ramani, msimulizi anaongea kwa sauti nzito, halafu unaingia kucheza na shujaa ambaye hata humjui, ramani inayofuata shujaa mwingine. Na ni huzuni maana pale katikati kuna kitu kikubwa. Wachawi wa Deyja, nchi ya wafu, wanamfufua mzee Gryphonheart awatumikie, wanategemea mfalme aliyekuwa shujaa akiwa hai atakuwa jemadari mzuri akiwa mfu, na mzee anaamka kweli, ila anamuua kiongozi wao Finneas Vilmar anachukua kiti. Wafu wenyewe wanaogopa. Inafika mahali Deyja inatuma watu kwa Catherine kuomba waungane wamzuie. Yaani binti anashikana mikono na walewale waliomfukua baba yake ili akamuue baba yake mara ya pili. Kampeni inaitwa Song for the Father. Hebu fikiria hiyo ingetengenezwa kwa mtindo wa The Shadow of Death, wewe ndo Catherine ramani zote, unakua nae. Badala yake unapata maandishi mafupi na muziki mzuri. Muziki wa Paul Romero kwa kweli unaziba mashimo mengi ya stori, hilo niliseme.

Armageddon's Blade nayo ni mchanganyiko. Kampeni kuu ni nzuri, zile za pembeni nyingine zipo zipo tu, Sir Christian kakwama visiwani huko, Dracon anataka kuua mazimwi, mtu wa moto Adrienne anatafuta nafasi yake, kila mtu kivyake. Ila ile kuu! Mfalme wa mashetani Lucifer Kreegan ameota dunia inawaka na anataka upanga utakaofanya hivyo, na Catherine, mume wake Roland na Gelu wanakimbizana nae. Upanga mwishowe unabaki kwa Gelu. Na ukiupata kwenye ramani ya kawaida utaona kwa nini wote waliuogopa: unakupa uchawi wa Armageddon ambao unachoma uwanja mzima, marafiki kwa maadui, ila jeshi la aliyeushika haliungui. Unasimama tu unawasha moto kila raundi. Ukishafanya hivyo mara kadhaa unaelewa kabisa kwamba kitu kama hiki hakiwezi kuishia vizuri, na hakikuishia vizuri, nitafika.

Kwanza Roland. Huyu na ndugu yake Archibald ndo Heroes II yenyewe, watoto wa Morglin Ironfist ambaye kwenye gemu ya kwanza alikimbia nyumbani kwao akatua Enroth akajipatia ufalme kwa kupiga kila mtu. Mzee kafa, ndugu wanagombania kiti, na gemu inakuuliza uko upande wa nani, na katikati inakupa nafasi ya kusaliti upande uliouchagua. Kihistoria Roland ndo aliyeshinda, Archibald akageuzwa jiwe. Gemu nyingi zingeishia hapo. Hawa wakaendelea: Might and Magic VI unamkuta Archibald bado jiwe na lazima umwamshe kwa sababu kuna elimu anayo yeye tu, Roland katekwa na Kreegan (jamii ya wale mashetani), Catherine yuko Erathia (ile safari ya msiba), na nyumbani kabaki mtoto wao Nicolai ambaye anachotaka yeye ni kutoroka akaone sarakasi. Halafu VII inarudi Erathia, baada ya vita ya Heroes III, na Roland bado mfungwa mpaka mumtoe. Kwa hiyo gemu za mikakati na gemu za kutembea na pati zilikuwa zinapokezana stori moja, tukio la huku linaacha pengo kule. Ndo maana kwenye III Roland hayupo pembeni ya mkewe kwenye kampeni ya kwanza na hakuna anayekueleza sana kwa nini, jibu liko kwenye gemu nyingine. Ni raha ukiwa unajua, ni kero kama hujui, na toleo la Complete halikusaidii kwa hilo hata kidogo.

Na wale mashetani, hapa kuna kitu watu wengi waliocheza mji wao wa Inferno miaka na miaka hawakijui: sio mashetani. Kreegan wametoka anga za juu. Dunia yote hii ya mapanga na mazimwi chini yake ni sayansi, kuna watu wanaitwa Ancients waliounda hizo dunia, gemu tano za mwanzo za Might and Magic zinahusu walinzi wawili walioundwa, Corak na Sheltem, wanafukuzana toka dunia hadi dunia, na kwenye VI mwishoni unawapiga Kreegan kwa bunduki za miale. Bunduki. Kwenye Armageddon's Blade walipanga kuleta mji mpya kabisa unaoitwa Forge, wa mashine na silaha za namna hiyo, ukitokana na ule mwisho mbaya wa Might and Magic VII. Mashabiki wakapiga kelele kwamba mnaharibu fantasia yetu, ukaondolewa, ikawekwa Conflux ya viumbe wa moto na maji na ndege wa Phoenix. Conflux ni kali kucheza lakini kistori imekaa kama mgeni aliyekuja na zawadi nzuri ila hamna anayejua kaalikwa na nani. Mi nilikuwa upande wa Forge na bado niko. Waliopiga kelele walikuwa wanaitetea stori ambayo hawakuwa wameisoma.

Kuna mwingine wa kutaja kabla sijaendelea, Tarnum. Huyu hayumo kwenye Complete, yuko kwenye Heroes Chronicles, zile gemu fupifupi za 2000 na 2001 zilizotumia mwili wa Heroes III. Alikuwa dikteta wa kishenzi, akauawa na Rion Gryphonheart, yule wa kwanza wa ukoo wa kina Catherine, na mizimu ya mababu ikamrudisha asife tena mpaka alipe madhambi yake. Kazi mojawapo anayopewa ni kwenda kuzimu kuokoa roho ya Rion, mtu aliyemuua. Kwa kucheza gemu zenyewe ni za kawaida, ramani chache, ila mtu mwenyewe ni dhahabu. Mwishoni kabisa anakimbizana na Upanga wa Barafu usifike mikononi mwa watu, na anashindwa.

Upanga wa Barafu ukaishia kwa Kilgor, yule mshenzi aliyeshinda mashindano ya nchi ya Krewlod kwenye Armageddon's Blade akawa mtawala, wewe ndo uliyemshindisha. Gelu ana ule wa moto. Wakakutana. Panga mbili zikagongana na dunia nzima ikalipuka, walionusurika wakakimbilia kwenye milango ya kichawi wakatokea dunia nyingine inaitwa Axeoth. Hivyo ndo Heroes IV ya 2002 inavyoanza, na nina hasira nayo hadi kesho kwa sababu hayo yote yanatokea kwenye video ya utangulizi. Miaka ya kujenga watu, halafu dakika kadhaa tu, kwisha. Catherine na Roland hawana hata kampeni. Ila lazima nikiri IV ina waandishi wazuri kuliko inavyosifiwa: Gauldoth aliyekufa nusu na kubaki hai nusu, akaanzisha nchi yake ya wafu na kuiongoza kwa akili kuliko wafalme wengi walio hai, Solmyr wetu yule wa chupani akiwa kafungwa kwa kiapo kwa bwana wake Gavin Magnus ambaye kichwa kimeshaharibika, na Tarnum kazeeka kwa busara anamlea kijana Waerjak. Hao wawili wa mwisho ni mfano wa kurudisha mtu vizuri. Kiapo cha Solmyr kwenye III kilikuwa mapambo ya wasifu, kwenye IV kikawa mnyororo.

Baada ya hapo 3DO waliokuwa wanaimiliki New World wakafilisika 2003, Ubisoft wakanunua haki za jina kwa dola milioni 1.3, na Heroes V ya 2006 ikaanza upya kwenye dunia nyingine inayoitwa Ashan. Ukoo wa zamani wote nje. Halafu cha ajabu stori ikawa ileile: kijana mfalme Nicolai (jina la mtoto wa sarakasi lakini mtu mwingine) anauawa, mchawi wa wafu Markal anamdanganya mchumba wake Isabel kwamba atamrudisha, anarudi vampaya. Gryphonheart na Catherine tena, ila safari hii huwezi kumhurumia mtu maana Isabel anadanganywa na jamaa ambaye ana sura ya uongo toka mlangoni. Kama gemu ya kucheza, V ni nzuri sana, nyongeza yake Tribes of the East ya 2007 hata zaidi, na kuna Zehir anayesafirisha mji mzima angani kwa kulipia pointi za uzoefu, kitu cha kufurahisha. Raelag nae anafurahisha kumfuatilia, yule demoni anayebadili upande akarudi na jina jipya. Ila kina Godric na wengine wanaongea kama wamekariri.

Heroes VI ya 2011 ikasikia kilio cha wazee ikawarudisha Crag Hack na Sandro, kila mmoja na nyongeza yake. Crag Hack haramia, Sandro mtu wa njama. Majina yaleyale, dunia nyingine, historia hamna. Huyu Crag Hack hajawahi kudanganywa na Sandro wala hamjui Gem. Ni mtu kavaa fulana yenye jina la rafiki yako. Na juu ya hapo gemu hiyohiyo ina shujaa mwingine anaitwa Sandor, sasa jaribu kumweleza mtu stori ya VI bila kujikanyaga. VII ya 2015 ilijaribu mtindo wa Duke Ivan kuketi na baraza lake kila mshauri anasimulia kisa cha kale, wazo zuri, bugu zikala sifa zote.

Turudi kwenye Complete basi, maana ndo ninayoipa riviu. Kwa wahusika naipa 9 kati ya 10 upande wa The Shadow of Death, 6 Restoration of Erathia, 7 Armageddon's Blade. Grafiksi za kuchora za 1999 bado zinapendeza, sura za mashujaa hasa, hazijazeeka kama zile za pande tatu zilizokuja baadae. Angalia tu usichanganye na ile ya HD ya 2015, ile ina Restoration of Erathia peke yake, nyongeza hazimo kwa sababu source code yake ya asili haikupatikana kamili, kwa hiyo Sandro akiwa Sandro hayumo, Gelu na upanga hawamo, ukinunua hiyo kwa ajili ya stori umenunua sura ya kwanza ya kitabu. Halafu Horn of the Abyss, ile modi ya mashabiki yenye mji wa maharamia Cove, inakaa juu ya Complete, haikai juu ya HD.

Kuna Heroes mpya pia, Olden Era, iliyotangazwa 2024, inatengenezwa na Unfrozen, na imerudi kwenye dunia ya zamani, bara la Jadame kabla ya Heroes ya kwanza. Kwa mtu wa stori hiyo ni habari kubwa kuliko idadi ya miji, maana kwenye dunia ileile jina likirudi linarudi na deni lake.

Ukianza Complete usifuate tarehe za ndani ya stori, utaharibu. Cheza Restoration of Erathia kwanza hata kama Catherine haonekani, umjue Vilmar ni nani na mzee Gryphonheart alikuwa nani kwao. Armageddon's Blade kampeni kuu tu, hizo za pembeni ruka isipokuwa ya Mutare na ya Kilgor. Halafu ndo uingie The Shadow of Death, uanze na Gem, ufuatie Crag Hack, na ukifika kwenye viatu vya maiti soma yale maandishi yanayotokea, usibonyeze sawa haraka haraka.